Mipira Miwili ya Maji Kwenye Throtoli: Kabla Hujaichomoa

Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi, madereva na vijana wapenda magari. Waliokosa kufika wameiomba, basi naiweka yote kama nilivyoisema, bila zile picha za ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mafundi, madereva, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, salamu kwenu nyote.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kila anayependa gari la petroli lenye nguvu amelisikia. Ukifungua boneti ukafuata njia ya hewa kutoka kwenye eya klina, utafika kwenye throtoli, pale penye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Kwenye magari mengi utaona mipira miwili myembamba imeingia pale. Mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwenye injini, wa pili unayarudisha. Mtu anagusa throtoli, inamuunguza vidole, anajiuliza: mimi nataka hewa iingie baridi, nani tena ameweka moto njiani? Basi anachomoa mipira yote miwili, anaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, throtoli inabaki bila maji, na jioni hiyohiyo anawaambia wenzake kwamba gari limefunguka.

Je, kweli limefunguka? Limefunguka kiasi gani? Na ile mipira iliwekwa ya nini? Kama huwezi kujibu swali la tatu, nakusihi usiiguse kwanza.

Tuanze na lililo kweli, kwa sababu vijana hawa hawajadanganyika katika kila kitu. Injini inapenda hewa baridi. Silinda hujaa kwa ujazo: injini ya lita 2 huvuta karibu lita 2 za hewa katika kila mizunguko miwili, iwe hewa ya moto au ya baridi. Lakini lita moja ya hewa ya moto ni nyepesi kuliko lita moja ya hewa ya baridi, na wepesi huo maana yake ni oksijeni pungufu. Hewa ya nyuzi 25 ikipashwa ikafika nyuzi 35, imepoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake. Ikifika nyuzi 60, imepoteza zaidi ya asilimia 10. Oksijeni ikipungua, petroli inayoweza kuungua inapungua, na nguvu inapungua pamoja nayo.

Kuna la pili, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Hewa ikiingia na joto jingi, mchanganyiko hukaribia kujilipua wenyewe ndani ya silinda. Ndiko kule kugonga tunakokusikia gari likipanda mlima na mzigo. Magari ya siku hizi yana kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inayosoma joto la hewa. Ikiona limepanda, inachelewesha cheche ili kuilinda pistoni. Cheche ikichelewa, gari linakuwa zito. Dereva mmoja wa lori dogo la petroli aliwahi kuniambia kwamba gari lake lina tabia mbili: alfajiri linapanda mlima kwa gia ya nne, saa nane mchana mlima uleule linadai ya tatu. Alidhani pampu ya mafuta inachoka ikipata joto, akabadilisha pampu, tabia ikabaki ileile. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa umechomoka kwenye nafasi yake nyuma ya taa, ukawa unavuta hewa ya ndani ya boneti, karibu na egzosi. Hewa baridi ni nguvu. Hilo halina ubishi, na wala sikuja kulibishia.

Sasa twende kwenye swali la tatu. Maji ya moto yaliwekwa pale kwa sababu gani?

Yaliwekwa kwa sababu ya barafu. Najua wengine mnashangaa: barafu ndani ya injini? Ndiyo, barafu. Hewa inapojipenyeza kwenye upenyo mwembamba wa kipepeo, kasi yake inapanda, shinikizo linashuka, na joto linashuka nalo. Kwenye kabureta, kile kifaa cha injini za zamani kinachochanganya petroli na hewa, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu petroli inageuka mvuke palepale, na kugeuka mvuke kunafyonza joto. Hewa ndani ya kabureta inaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20. Kukiwa na unyevu mwingi, barafu inaweza kujijenga kwenye koo la kabureta hata siku ambayo nje ni nyuzi 20 na mtu amevaa shati la mikono mifupi. Marubani wa ndege ndogo zenye kabureta wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Mbele yao kuna kitasa maalumu cha kuleta hewa ya moto kwenye kabureta, na wanafundishwa kukivuta kabla ya kupunguza nguvu ya injini kwenda kutua. Kuna ndege zilizoanguka kwa sababu ya barafu hiyo.

Kwenye injini zenye nozili badala ya kabureta, petroli hupulizwa mbele zaidi, karibu na valvu au ndani ya silinda kabisa, kwa hiyo hatari ni ndogo. Imepungua, lakini haijaisha. Penye baridi inayokaribia nyuzi sifuri, ukungu, na mwendo mrefu wa kasi moja, kipepeo kinaweza kushikwa na barafu. Na unyevu hauji na hewa ya nje peke yake, unakuja pia na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa.

Dereva mmoja alinisimulia yaliyomkuta. Alikuwa ameiunganisha ile mipira wakati wa joto, akasahau kabisa kwamba aliwahi kuigusa. Miezi ikapita. Siku moja anavuka milima, kuna ukungu na baridi ya kuumiza vidole, mguu umetulia kwenye mafuta kwa muda mrefu. Anafika kwenye kona, anauondoa mguu, gari halipungui mwendo. Kipepeo kilikuwa kimegandia pale kilipokuwa! Alikuwa na akili ya haraka: akaweka gia huru, injini ikapiga kelele, akashika breki, akazima alipokuwa amekaribia kusimama. Walipofungua boneti baada ya nusu saa hawakuona kitu. Joto la injini lilikuwa limeshayeyusha ushahidi wote.

Sikilizeni vizuri hapo. Wakati wa joto alipoifanya ile kazi, hakukosea hesabu yoyote. Gari lilihama kutoka hali ya hewa moja likaingia nyingine, na mipira ikabaki ilivyofungwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: gari langu linaishi wapi mwaka mzima? Kama halijawahi kuona nyuzi 5 na halitaziona, throtoli ya injini yenye nozili inaweza kuishi bila maji hayo. Kama linapanda milima, kama litauzwa kwa mtu wa nchi ya baridi, rudisha mipira, au mwandikie mnunuzi na umwonyeshe kwa kidole.

Kuna kazi nyingine ya maji hayo ambayo haina uhusiano na barafu, nayo ndiyo inayowasumbua vijana wengi. Injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo za Honda na Toyota, zina valvu ndogo ya nta pale kwenye throtoli au chini yake. Injini ikiwa baridi, nta imesinyaa, njia ya hewa ya ziada iko wazi, injini inazunguka juu kidogo ili isizime. Maji yakipata moto, nta inatanuka, inasukuma pini, njia inafungwa, mzunguko unashuka. Ukikata maji, nta haijui kamwe kwamba injini imeshapata joto. Njia inabaki wazi asubuhi hadi jioni.

Aliniletea kijana mmoja gari la namna hiyo. Limesimama, halitembei, injini inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama dereva anachezea mafuta. Alikuwa amesafisha throtoli, amebadilisha plagi, amenunua sensa ya kipepeo, amenunua na ile mota ndogo ya kurekebisha hewa. Nikamuuliza, mipira ya maji iko wapi? Akanionyesha kwa furaha kiungo kizuri cha shaba alichokiweka mwenyewe. Kompyuta ilikuwa inaona kipepeo kimefungwa huku mzunguko uko juu, ikidhani gari linateremka mlima, ikikata mafuta; mzunguko ukishuka inayarudisha; ukipanda inayakata tena. Tulirudisha maji, tukasubiri injini ipate joto, ikatulia. Vifaa vyote alivyokuwa amevinunua havikuwa na haja. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na yule kijana alikuwa ametembea gizani kwa pesa yake mwenyewe.

Na wenye kabureta, tafadhali: kwenye injini nyingi za zamani maji yanapita pia chini ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, ili petroli igeuke mvuke badala ya kutiririka kama maji ukutani. Hayo msiyaguse kabisa. Mtapoteza nguvu mkidhani mnaitafuta.

Haya, tuje kwenye faida. Ni kiasi gani? Hapa nataka tuhesabu pamoja, maana jambo hili limejaa maneno na hesabu ni chache.

Chukua injini ya lita 2 isiyo na turbo, ile pampu inayosukumia hewa ndani ya injini, mizunguko 6,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Inavuta karibu lita 100 za hewa kwa sekunde. Throtoli yenye tundu la milimita 60 itaipitisha hewa hiyo kwa kasi ya mita 35 hivi kwa sekunde. Urefu wa throtoli ni kama sentimita 7. Hewa inakaa mle ndani muda gani? Sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Pitisha kidole haraka kwenye mwali wa mshumaa uone kama utaungua. Nimepiga hesabu ya joto linaloweza kuhama kutoka kwenye chuma chenye nyuzi 90 kuingia kwenye hewa hiyo: inapanda kwa nyuzi moja, labda moja na nusu. Nyuzi moja na nusu ni nusu ya asilimia moja ya uzito wa hewa. Injini ya nguvu za farasi 150 itapata, ikijitahidi sana, robo tatu za farasi mmoja.

Wengine mtasema: lakini ukienda polepole hewa inakaa muda mrefu zaidi pale, inapata joto zaidi. Ni kweli kabisa. Lakini ukienda polepole, nani anayetaka nguvu yote? Kipepeo kiko nusu kimefungwa. Ukitaka hewa zaidi unaongeza mguu kidogo tu, hewa inaingia.

Basi kwa nini watu wanaona namba zimeshuka kwenye simu zao? Swali zuri, na nitalijibu kwa kisa. Kijana mmoja, mwerevu kweli, aliniletea simu iliyounganishwa na gari. Akanionyesha: kabla, joto la hewa nyuzi 47, baada, nyuzi 38. Nyuzi 9! Nikamwambia, twende tuitafute sensa yenyewe. Tukafuata waya. Sensa ya joto la hewa kwenye gari lake imo ndani ya sensa ya kupima hewa, pale kwenye boksi la eya klina. Yaani hewa inapita kwake kwanza, ndipo inafika kwenye throtoli. Maji ya throtoli yatawezaje kupasha hewa ambayo bado haijafika? Nikamuuliza, ulipima saa ngapi mara ya kwanza? Saa tisa mchana, kwenye foleni. Na mara ya pili? Usiku, barabara nyeupe.

Hakuwa mwongo, alipima bila kulinganisha hali mbili zilizo sawa. Na wale ambao sensa yao iko kwenye manifodi, nyuma ya throtoli, wana mtego wao: sensa yenyewe imekazwa kwenye chuma, na gari likisimama chuma kinapata joto na kuipasha sensa. Ukikata maji, chuma kinapoa kidogo, sensa inasoma chini. Namba imeshuka, lakini sehemu kubwa ya kilichopoa ni chuma. Nakubali kwamba pana faida ndogo hapo: kompyuta inayosoma namba ndogo haitachelewesha cheche mapema unapoondoka kwenye foleni. Ni faida halali. Ni ndogo, nayo huonekana zaidi kwenye manifodi za alumini kuliko za plastiki.

Ukitaka kupima kwa haki, pima tofauti kati ya joto la nje na joto la hewa inayoingia. Barabara ileile, saa ileile, gia ileile, injini imeshapata moto wake kamili, gari limekwenda bila kusimama kwa dakika kumi. Fanya hivyo kabla, fanya hivyo baada. Ikiwa tofauti ni nyuzi 20, adui yako mkubwa hayuko kwenye throtoli. Yuko kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Angalia kama umechomoka, kama boksi lina ufa, kama mtu aliweka ile eya klina ya wazi yenye umbo la koni inayovuta hewa ya moto kutoka kwenye egzosi. Rudisha mdomo mbele, ziba ufa, weka bati la kukinga joto la egzosi. Nyuzi 10 na 15 zinapatikana hapo, na hukukata mpira wowote.

Wenye turbo sitawachelewesha. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi mara mbili ya shinikizo lake inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 120 au zaidi. Nyuzi moja ya throtoli ni nini mbele ya hiyo? Safisheni intakula, ile rejeta inayopoza hewa iliyotoka kwenye turbo, angalieni kama mapezi yake yamejaa wadudu na tope.

Sasa jambo la hatari, na hapa naomba simu zishuke. Kuunganisha ni tofauti na kuziba. Nimeona watu wanachomoa mipira, wanasokomeza boliti kila upande, wanakaza klempu, wanaondoka. Njia hiyo ya maji, kwenye injini nyingi, ndiyo pia njia ya kutolea hewa na mvuke. Mfano unaojulikana sana ni injini za V8 za General Motors za familia ya LS, zilizoanza mwaka 1997. Kwenye nyingi kati ya hizo, bomba dogo linakusanya mvuke kutoka juu ya silinda hedi, unapita kwenye throtoli, unaishia kwenye rejeta au tangi la akiba. Ukiruka throtoli na kuunganisha, mvuke unaendelea na safari. Ukiziba, mvuke unanaswa juu ya hedi, chuma pale kinakosa maji, na geji kwenye dashibodi inaweza kuendelea kusoma vizuri kwa sababu sensa yake iko mahali pengine. Nililiona gari la V8 lililozibwa hivyo. Mwenyewe aliapa halijawahi kuchemsha, na geji ilikuwa shahidi wake. Tulipofungua, gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua upande wa nyuma, karibu na silinda ya mwisho. Robo tatu za farasi mmoja, kwa gharama ya kufungua injini nzima!

Wanaoamua kuifanya kazi hii, ifanyeni hivi. Injini ipoe kabisa, iwe imelala usiku. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wa moto, maji yaliyokuwa yamebanwa kwa shinikizo yanachemka mara moja na kukurukia usoni. Nimeona sura za watu, na sitaki kuona nyingine. Weka karai chini, kwa sababu kulanti, yaani hayo maji ya kupoza injini yaliyotiwa dawa, nyingi zina ladha tamu na ni sumu. Mbwa akilamba, anaweza kufa. Mtoto pia. Usiimwage mtaroni.

Tumia kiungo cha shaba au cha plastiki inayostahimili joto, chenye kipenyo sawa na mipira, na klempu mpya pande zote mbili. Funga ncha mbili za throtoli zilizobaki wazi kwa vizibo vya mpira ili vumbi lisiingie. Mpira uliounganishwa usiguse egzosi wala mkanda. Jaza kulanti ya aina ileile, washa na hita iwe kwenye moto kamili, acha hewa itoke hadi themostati ifunguke na feni iwake.

Asubuhi yake, kabla hujawasha, angalia tangi. Kiwango kikiwa kimeshuka, hewa ilikuwa bado imo. Jaza hadi kwenye alama. Kikishuka tena kesho yake, pana mahali panavuja, na pa kwanza kupaangalia ni kile kiungo ulichokiweka wewe.

Mzee wangu uliyeinua mkono tangu niliposema habari za turbo, asante kwa subira. Karibu uanze na swali lako.